Mazingira Rafiki, na Maneno Yaliyofukuzwa

Katika magazeti, risala na matangazo ya redio ya siku hizi yako maneno mawili yaendayo pamoja kama ng'ombe waliofungwa nira moja, nayo ni "mazingira rafiki." Mfanya biashara ataka mazingira rafiki, mwanafunzi awekewe mazingira rafiki, mgonjwa atibiwe katika mazingira rafiki, na hata kuku tumesoma habari zao kwamba wajengewe mazingira rafiki ya kutagia. Tena yuko ndugu yao mkubwa, avaaye koti na tai, aitwaye "mazingira wezeshi". Huyo hapiti sana vijijini, hukaa zaidi katika semina na taarifa za mipango. Leo twataka kuyapima maneno haya, si kwa kuuchukia upya wake, maana kila lugha iliyo hai huzaa, bali kwa kuuliza swali lile lile tuwaulizalo watoto wanapotuletea insha zao: Neno hili lafanya kazi gani hapa, na kama tukiliondoa, ni nini kitakachopungua?

Kwanza tuwape haki yao. Neno "mazingira" ni mtoto halali wa Kiswahili. Shina lake ni kuzinga, yaani kuzunguka, na katika shina hilo twapata pia kuzingira na mzingo. Mji uliozungukwa na adui pande zote umezingirwa. Basi mazingira ni yale yote yamzungukayo mtu: hewa, maji, miti, udongo, wanyama, na nyumba zilizo jirani. Kwa maana hiyo neno lina kazi kubwa na njema. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mtu akifyeka msitu penye chanzo cha mto, au akimwaga taka za sumu karibu na kisima, kila mmoja wetu ajua mara moja ni kitu gani kilichoharibiwa. Neno lina mwili, na waweza kulionyesha kwa kidole.

Lakini lilipotolewa msituni na kisimani likapelekwa ofisini, ndipo lilipoanza kukonda. Mtu asemapo "mazingira ya biashara yameboreshwa," asema nini? Kodi imepunguzwa? Barabara imechongwa? Leseni yatolewa kwa siku moja badala ya mwezi? Mizani ya sokoni imekaguliwa? Yote hayo yaweza kuwamo, na yote yaweza kukosekana, na msemaji asionekane kuwa amesema uongo.

Hali ya neno la pili ni mbaya zaidi. Rafiki ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao asili ya maana yake ni mwenzi wa safari. Wazee wetu walilipokea, wakalitungia methali ambayo kila mtoto aijua: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tazama, msomaji, jinsi methali hiyo ilivyopangwa. Haianzi na urafiki. Yaanza na kufaa, tena kufaa penye dhiki, na jina la rafiki latolewa mwisho, kama ujira utolewavyo jioni kazi ikiisha. Wasemao "mazingira rafiki" wamelipa ujira asubuhi. Jina limekwisha tolewa, wala dhiki haijafika, wala hakuna aliyefaa mtu.

Yuko atakayetujibu kwamba hii ni tafsiri tu ya maneno ya Kiingereza, na kwamba lugha zote huazimana. Naam, ni tafsiri, tena ya neno kwa neno, na kuazima si aibu. Kiswahili kingeondolewa maneno yake yote ya kuazima, hata nusu ya makala hii isingeandikika. Aibu ni kwenda kuazima chungu kwa jirani ilhali chungu chako kimo jikoni, kimefunikwa. Mfasiri huyu hakuuliza kwanza watu wenyewe waliita nini hali iliyowafaa, kabla semina hazijaanza. Sisi tumejaribu kuuliza, na yafuatayo ni machache katika tuliyoyaona.

Lililo la msingi ni kitendo chenyewe cha kufaa. Ajabu ya neno hili ni kwamba halikubali kukaa peke yake kwa muda mrefu. Ukisema "kinafaa," utaulizwa: chamfaa nani? Chafaa kwa nini? Ndiyo maana twasema kunifaa, kukufaa, kumfaa. Mtu huingizwa ndani ya kitendo, hawezi kuachwa nje mlangoni. Udongo wa mfinyanzi wamfaa mfinyanzi, lakini mwenye muhogo humsikitisha, kwa sababu hutuamisha maji na muhogo huoza. Kwa hiyo hakuna udongo ufaao tu, bali kuna udongo umfaao fulani kwa kazi fulani, na lugha yetu yatulazimisha kumtaja.

Watu wa pwani ndio walioijua kanuni hii kuliko sote, kwa sababu bahari haina subira na msemaji ovyo. Kwa muda wa karne nyingi vyombo vya matanga vya kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi vilikuja pwani zetu kwa kaskazi, upepo uvumao kutoka kaskazini mashariki tangu Desemba hata Machi au karibu na hapo. Vikarudi kwao kwa kusi, upepo uanzao karibu na Aprili, vimechukua boriti za mikoko na pembe, na baadaye karafuu. Ungemwuliza nahodha wa zamani, "Je, kaskazi ni upepo mzuri?" angekuuliza naye, "Wa kwendea wapi?" Kwa ajaye Lamu kutoka Maskati, kaskazi ni heri tupu. Kwa atakaye kutoka Lamu kwenda Maskati, upepo ule ule ni ukuta. Na katikati ya majira hayo mawili ziko siku za tanga mbili, upepo usipokuwa na shauri moja, na wenye busara hutengeneza vyombo vyao pwani. Hao hawakuwa na neno moja la kuita hali njema ya safari. Walikuwa na jina la kila upepo, na kila mtu alijijulia ni upi ulio wake.

Tuchukue na neno "shwari." Vijana wa mjini hujibizana, "Mambo shwari," maana yake hakuna taabu. Maana hiyo si mbaya, na imekwisha enea hata hatuwezi kuirudisha. Walakini kwa mwenye tanga shwari ni taabu yenyewe: chombo chalala juu ya maji kama kimetiwa gundi, tanga lanyong'onyea, jua lawaka, na maji ya kunywa yazidi kupungua katika pipa. Kwa mwenye mtumbwi mdogo na mshipi, siku hiyo hiyo ni siku ya kushukuru. Neno moja, bahari moja, saa moja. Mmoja ashukuru, wa pili ahesabu maji yake.

Kadhalika wanawake waendao mwambani kutafuta pweza na chaza hawasemi kwamba mazingira ya pweza yamekuwa rafiki. Husema, "Leo bamvua," basi imetosha. Kwa neno hilo moja mtu ajua ya kuwa maji yatakupwa sana, mwamba utakuwa wazi mbali, na ya kwamba yampasa kuangalia saa ya maji kurudi, maana maji ya bamvua yakijaa hujaa kwa nguvu. Neno limetoa habari njema na onyo pamoja. Hayo ndiyo tuyaitayo maneno yenye kazi.

Watu wa bara wasione kwamba twawasahau. Wao pia wana rutuba, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni unyevu, nasi tukalifanya kuwa unono wa udongo, si bila sababu, maana udongo mkavu wafaa nini. Wana mvua za vuli na za masika, na hakuna mkulima azichanganyaye. Hata mvua, ambayo kanisani twaiomba kana kwamba ni njema kwa wote, ina wenyewe. Mwenye mpunga bondeni aitazama mbinguni kwa furaha siku ile ile ambayo mwenye karafuu huko Pemba, aliyezitandaza juu ya majamvi, azikusanya kwa mbio huku akinung'unika.

Sasa twaja kwenye maneno matatu ambayo wanafunzi wetu huyafanya kuwa moja, nayo ni nafasi, fursa na wasaa. Nafasi ni ndugu wa nafsi, na katika Kiarabu ukoo huo ndio ukoo wa pumzi. Mwenye nafasi ni mwenye mahali pa kupumulia, iwe ni mahali katika benchi, au saa moja kati ya kazi na kazi. Wasaa ni upana. Mwenye wasaa hana haraka, mambo yake hayakubanana. Lakini fursa ni neno kali kuliko yote mawili, nasi twasikitika kuona linavyopigwa ngoma kila pembe, "Changamkieni fursa! Fursa zimejaa tele!" Katika kamusi za kale za Kiarabu, fursa ni zamu ya mtu kuteka maji. Fikiri, msomaji, kisima cha kijijini wakati wa kiangazi. Ndoo zimepangwa mstari. Zamu yako imefika. Usipoteka sasa, ndoo ya nyuma yako itasogea mbele, nawe utarudi mwisho. Hiyo ndiyo fursa. Haijai tele, huja na kupita, na tena huwa kuna mwingine nyuma yako angojaye. Mtu atangazaye fursa pasipo kusema ni zamu ya nani, na maji yamebaki kiasi gani, hajatangaza kitu.

Juu ya nafuu, heri na neema tutasema kidogo tu, kwa kuwa maneno hayo bado yamesimama imara midomoni mwa watu. Mgonjwa hupata nafuu, na hakuna bado, kwa shukrani, aliyethubutu kusema kwamba homa yake imekuwa na mazingira rafiki. Mwaka wa neema ni mwaka ambao ghala zimejaa; neema yaonyesha kwamba yuko aliyetoa, wala mpokeaji hawezi kujisifu kwayo, na ndiyo sababu waliofasiri vitabu vya dini walilichagua neno hilo.

Neno "mwafaka" lataka maneno zaidi. Ni la ukoo wa kuafikiana, na jambo mwafaka ni lile lililopatana na lingine, kama mguu na kiatu chake. Huko Zanzibar mapatano ya vyama vya siasa vya CCM na CUF, ya mwaka 1999 na tena ya mwaka 2001, yaliitwa Muafaka, na jina lilistahili, maana watu wawili walikuwa wametiana mkono. Kwa hiyo mtu asemapo "wakati mwafaka wa kupanda," asema vema kabisa, kama aweza kutuonyesha wakati huo umepatana na nini. Tatizo ni kwamba siku hizi tumezoea kusikia, "Daraja litajengwa wakati mwafaka ukifika," na sote twajua wakati huo hauna tarehe.

Labda msomaji atasema kwamba haya yote ni ugomvi wa walimu, watu wanaopenda wino mwekundu, na kwamba mwanakijiji hapungukiwi na kitu kwa neno legevu. Hatukubali. Iko shule moja, ambayo hatutaitaja, ambayo kamati yake ilipeleka barua kwa wazazi ikiomba mchango "kwa ajili ya kuboresha mazingira rafiki ya kujifunzia kwa mtoto wa kike." Wazazi wakatoa, huyu fedha, huyu debe la mahindi, huyu siku mbili za kazi ya mikono. Miezi kadhaa ikapita. Ukuta wa mbele ukapakwa chokaa, mawe ya njiani yakatiwa rangi nyeupe, maua yakapandwa, na ubao ukaandikwa jina la shule kwa herufi kubwa. Choo cha wasichana kikabaki kama kilivyokuwa, hakina mlango, ila gunia lililotundikwa. Wasichana wakubwa wakaendelea kukosa siku tatu nne kila mwezi, na katika daftari la mahudhurio ikaandikwa "mgonjwa."

Ulipoitishwa mkutano, mwalimu mmoja alisoma taarifa, akasema kwamba mazingira yameboreshwa. Bibi mmoja mzee akasimama, akajifunga khanga yake kiunoni, akauliza, "Mwalimu, mwanangu, hayo mazingira yana komeo?" Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, kwa sababu alikuwa na binti yake katika darasa la sita. Akajibu, "Hayana, bibi." Yule mzee akasema, "Basi mngetuambia mlango, tungeleta mlango," akaketi.

Katika habari hiyo hatukuona mwizi, wala mwongo. Maua ni mazingira, chokaa ni mazingira, na aliyeandika barua alikuwa na nia njema. Lakini angaliandika "mlango wa mbao wenye komeo, na pipa la maji," kila mzazi angaliweza kwenda siku moja kutazama: mlango upo, au haupo. Seremala mmoja aliyekuwamo mkutanoni angaliweza kutaja bei siku ile ile. "Mazingira rafiki" hayatazamiki, wala hayahesabiki, na kwa hiyo hakuna awezaye kuulizwa juu yake. Neno legevu halikuwaudhi walimu tu. Liliwakosesha wasichana masomo yao kwa muda wa karibu mwaka mzima. Twaomba kila mjumbe wa kamati, kabla hajatia sahihi yake, amtafutie mzee wa namna ile wa kumsomea barua.

Tusionewe kuwa wakali kupita kiasi, tutaje mahali pamoja ambapo twalivumilia neno hili, hata tukaliheshimu. Siku hizi watoto waliofiwa na wazazi, au walioachwa, huitwa "watoto wanaoishi katika mazingira magumu." Ni maneno mengi, nayo hayasemi kama mtoto amekosa mama, au chakula, au vyote viwili. Walakini tumeona jinsi mtoto ainamavyo kichwa anapoitwa "yatima" mbele ya darasa zima wakati wa kugawa madaftari. Mbele za watu, basi, liko joho la kumfunika mtoto, na joho hilo tusimvue. Lakini katika daftari la wazee wa kanisa, au la ofisi ya kijiji, ambalo husomwa na wachache ili msaada upelekwe, joho hilo halina kazi. Hapo na paandikwe blanketi, sare, karo ya mtihani, na ni nani alalaye na njaa.

Limebaki shauri la "wezeshi." Wengine hulishambulia kwa sababu ya umbo lake, nasi twaona wamekosa shabaha. Kutoka kutatanisha twapata -tatanishi, na kutoka kuchochea twapata -chochezi. Kwa njia hiyo -wezeshi kutoka kuwezesha ni neno lililozaliwa kihalali. Wenye kupenda upatanisho wa maneno watauliza kwa nini husemwi "mazingira mawezeshi," kama tusemavyo mazingira mazuri, na swali lao ni zuri, ila sifa za namna hii zimekwisha zoea kutembea bila kiambishi, na si hizo peke yake. Neno letu sisi ni jingine. Kuwezesha ni kitendo kitakacho watu wawili na kazi moja: nani amwezesha nani kufanya nini? Mama amemwezesha mwanawe kusoma, kwa kuuza vitumbua. Hapo twajua kila kitu, hata jasho twaliona. Likifanywa sifa na kubandikwa juu ya mazingira, mama ametoweka, mwana ametoweka, vitumbua vimetoweka. Mwanafunzi akituletea "mazingira wezeshi" katika insha, hatulikati kwa wino. Twaandika pembeni maswali matatu hayo, naye aghalabu hurudi na sentensi mpya iliyo ndefu kidogo na yenye watu ndani yake.

Neno "changamoto" limepatwa na ajali ya namna hiyo hiyo, hata njaa, wizi na daraja lililochukuliwa na maji yote yameitwa changamoto. Lakini hilo lina siku yake.

Kwa sasa twawaomba wasomaji wetu, hasa walio mbali na pwani, watuandikie majina ya mvua na pepo za kwao, kila jina na kazi yake: mvua ipi ni ya kupandia na ipi ni ya kupalilia, upepo upi hupepeta mpunga bila kuupeleka kwa jirani. Jina liandikwe kama wazee walitamkavyo, pamoja na mwezi wake.